Usingoje Harufu Ifike Dirishani, Ulizia Karatasi

Hebu tuambiane ukweli. Mara ya mwisho kero fulani ilipokukosesha usingizi mtaani, ulifanya nini? Labda ilikuwa moshi wa taka zinazochomwa usiku. Labda spika za baa zinazotikisa ukuta wa keja hadi saa tisa usiku. Labda maji meusi yanayopita mbele ya lango la ploti yakielekea mtaroni, na kutoka mtaroni hadi ziwani. Acha nikisie: ulitoa simu, ukapiga video, ukaiposti, ukamtaja gavana na NEMA, ukapata laiki mia mbili na maoni ya watu wanaocheka, kisha ukalala. Asubuhi moshi ulikuwa pale pale.

Sikucheki. Mimi pia nimefanya hivyo, tena zaidi ya mara moja. Lakini leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho hakionekani kwenye video. Karatasi.

Kero nyingi tunazolia nazo hapa Kisumu hazikushuka na mvua. Kuna mtu aliyeomba ruhusa, na kuna mtu mwingine aliyepiga muhuri. Na kama muhuri haupo, basi kuna mtu anayelipwa mshahara kila mwezi kuhakikisha kazi kama hiyo haianzi bila muhuri, na hakufanya kazi yake. Kwa vyovyote vile, kuna jina, kuna tarehe, kuna faili. Sisi tunafika wakati saruji imekauka na tunauliza swali lisilo sahihi. Tunauliza, "Mbona mnatunukishia?" badala ya kuuliza, "Nani alikubali, lini, na kwa sababu gani?"

Faili namba ngapi?

Ninaishi Manyatta. Nyuma ya ploti yetu palikuwa na kiwanja kidogo ambapo watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi. Siku moja ukuta wa mabati ukasimama. Tukadhani mwenye shamba anajenga nyumba za kupangisha, jambo la kawaida huku kwetu. Wiki chache baadaye tukasikia kompresa. Kumbe ni gereji ya kupaka magari rangi.

Kama hujawahi kuishi karibu na kazi hiyo, acha nikueleze. Harufu ya thina haijui mlango. Nguo ukianika zinarudi ndani na harufu. Ukipika omena, zinaonja rangi. Jirani yetu mmoja ana mtoto wa miaka minne mwenye pumu. Mwezi wa pili baada ya gereji kufunguliwa, alimpeleka mtoto kwa dani yake huko Seme. Si kwa likizo. Ni kwa sababu kila jioni kompresa ilipowashwa, kifua cha mtoto kilianza kupiga filimbi.

Tukaenda kwa mzee wa mtaa, akatutuma kwa chifu. Chifu akatutuma ofisi moja huko town. Hiyo nayo ikatutuma nyingine. Hapo tukapokelewa na karani kijana, rika letu kabisa, aliyetusikiliza kwa heshima kisha akauliza, "Mnalalamikia faili namba ngapi?"

Tukatazamana. Hatukuwa na namba. Hatukujua hata kwamba kuna faili. Alipotafuta, ikapatikana: ruhusa ilitolewa miezi minne iliyokuwa imepita. Akasema, "Mngekuja mapema." Hakusema kwa ubaya. Lakini tungekuja mapema lini? Hakuna bango tuliloona likiwekwa kwenye yale mabati. Hakuna mtu aliyebisha hodi. Jirani yangu alikuwa amesimama pale na dawa ya mtoto kwenye mkoba, akiambiwa kwamba amechelewa kwenye jambo ambalo hakuna aliyemwambia limeanza.

Na kabla hujamrukia mwenye gereji, sikiliza upande wa pili. Vijana sita wamepata kazi pale. Mmoja ni rafiki yangu, alitafuta kibarua kwa miaka miwili. Sitaki arudi kwenye msoto. Gereji inaweza kuwekwa mahali panapofaa, ikawa na chumba kilichofungwa cha kupakia rangi na feni ya kuvuta hewa chafu. Hayo ndiyo mambo ambayo yangesemwa kama tungeulizwa kabla. Sasa yanasemwa kama ugomvi wa majirani, na mwenye kazi anaona tunataka kumnyima mkate.

Kibos walifika hadi Mahakama ya Juu

Unaweza kusema hiyo ni gereji tu, mambo madogo ya mtaa. Sawa, basi tupande hadi Kibos.

Mwaka 2018, wakazi watatu walienda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Kisumu. Walishtaki kampuni zinazoendesha kazi za sukari, pombe kali ya viwandani na umeme huko Kibos, pamoja na serikali ya kaunti na NEMA. Malalamishi yao yalikuwa mawili kwa pamoja: uchafuzi wa mazingira wanamoishi, na leseni ambazo walisema zilitolewa bila umma kushirikishwa.

Mwaka 2019 mahakama hiyo iliwapa ushindi. Ilikubali kwamba leseni zilitolewa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Kwa mtu wa Kibos, hiyo ilikuwa siku ya kuimba.

Kisha ikaja rufaa. Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi. Wakazi wakapanda hadi Mahakama ya Juu, ile ya kina Jaji Mkuu, na Agosti 2020 wakashindwa huko pia. Na hapa ndipo nataka usome polepole. Hawakushindwa kwa sababu majaji walisema hewa ya Kibos ni safi, na hawakushindwa kwa sababu mahakama ilisema walishirikishwa vizuri. Walishindwa kwa sababu ya mlango waliopitia. Majaji walisema sheria imeweka vyombo maalumu vya kuanzia: mambo ya leseni yapelekwe kwanza kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, na malalamishi ya uchafuzi kwa kamati iliyoundwa na sheria kuyachunguza. Mahakama ya Kisumu ilifaa kuyaacha masuala ya kikatiba yakisubiri hadi suala la leseni liamuliwe na jopo hilo.

Sasa fikiria. Miaka miwili, mahakama tatu, mawakili, nauli, mafaili. Mwishoni unaambiwa mlango ulikuwa ule mwingine. Mimi si wakili na sitabishana na majaji wa Mahakama ya Juu. Huenda kisheria wako sahihi. Lakini kwa mwananchi wa kawaida, serikali ambayo milango yake haijulikani ni sawa na serikali isiyo na mlango.

Saa inayoanza kuhesabu bila wewe

Hebu tufanye hesabu pamoja, si ngumu.

Sheria ya mazingira inakupa siku 60 kupinga leseni mbele ya lile jopo. Siku hizo hazianzi siku ile harufu ilipofika kwako. Kwa kawaida zinahesabiwa kuanzia uamuzi ulipofanywa.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ni kali zaidi. Kaunti ikishatoa ruhusa ya ujenzi, mwenye kutoridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti. Siku 14. Wiki mbili tu.

Halafu kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo ni zuri kweli kweli kwa sisi tunaopenda kuuliza. Inasema ofisi ya umma ikipata ombi lako la habari, inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Na inaweza kujiongezea siku nyingine 14 kwa sababu maalumu.

Umeona? Chukulia umesikia fununu siku ile ile ruhusa ilipotolewa. Umekimbia, umeandika barua asubuhi, umeipeleka mchana. Ofisi ikikujibu siku ya 21, kwa wakati kabisa, bila kuvunja sheria yoyote, siku zako 14 za kukata rufaa zilikwisha wiki moja kabla. Hakuna aliyekula hongo na hakuna aliyekudanganya. Kila mtu amefanya kazi yake kwa mujibu wa sheria, na wewe bado umechelewa.

Ndiyo maana sikubali ile hadithi kwamba vijana wa Kisumu hatujali. Tunajali sana, ila tunajua wakati tumeshachelewa. Na mtu aliyechelewa hana kitu kingine mkononi ila kelele.

Sheria yenyewe inasema wazi kwamba mtu anayeomba ruhusa ya kuendeleza ardhi lazima aujulishe umma, na umma ualikwe kuleta pingamizi kwa kaunti. Kwa miradi mikubwa inayohitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira, NEMA inatakiwa kutangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye gazeti linalosomwa eneo hilo, wiki mbili mfululizo. Niambie, ni nani Obunga anayeamka asubuhi akasoma Gazeti Rasmi la Serikali? Tangazo kwa kweli linatolewa, lakini halimfikii mtu atakayevuta ule moshi.

Ahadi haina faili

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Wakati mwingine hatunyimwi karatasi. Tunapewa maneno, na tunayapigia makofi.

Jalala la Kachok unalijua. Kama wewe ni mdogo sana kulijua, muulize mzazi wako. Taka zilianza kumwagwa pale 1975, kando ya barabara ya kwenda Nairobi, jirani na uwanja wa Moi. Lilikua hadi likawa kilima. Timu zilicheza mpira likiwaka moshi. Mwaka 2017, Profesa Anyang' Nyong'o alipokuwa akitafuta na kuchukua ugavana, ahadi iliyovuma mji mzima ilikuwa kwamba Kachok ingehamishwa ndani ya siku 100 za kwanza.

Siku 100 zilipita na kilima kilikuwa pale. Kazi ya kuhamisha taka iliishia kuhesabiwa kwa miaka. Sitasema hakuna kilichofanyika, kwa sababu kilifanyika, na anayepita pale anaweza kulinganisha na zamani. Lakini sisi tulihesabu nini? Tulihesabu siku. Kila mtu mtandaoni alikuwa na kalenda. Wachache sana waliuliza maswali ya karatasi: taka zinapelekwa wapi hasa? Nani alifanya tathmini ya mahali hapo papya? Wenyeji wa huko waliulizwa nini na wakajibu nini? Bajeti ni ngapi na mwanakandarasi ni nani?

Ahadi ya jukwaani inaweza kusahauliwa bila mtu kushtakiwa. Mpango ulioandikwa, wenye tarehe na sahihi, unaweza kupelekwa mbele ya jopo, bunge la kaunti au mahakama. Gavana yeyote, wa chama chochote, anajua tofauti hiyo. Wakati umefika nasi tuijue.

Mbona moshi haupendi Milimani?

Swali hili huwa linanikera, na linafaa likukere wewe pia. Mbona karakana, jalala, kichinjio, maji machafu na mabomba yaliyopasuka yanapenda Obunga, Manyatta, Nyalenda na Bandani, na hayapendi Milimani?

Jibu lina umri. Reli ilipofika hapa 1901 na mji ukaitwa Port Florence, mji ulipangwa kwa rangi. Wazungu walichukua sehemu za juu zenye upepo wa ziwa. Wahindi wakawekwa kwenye biashara katikati. Mwafrika alikuwa mfanyakazi tu, na makazi yake yalikua yenyewe nje ya mpaka wa mji. Manyatta na Nyalenda ziliingizwa ndani ya manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, tayari zikiwa zimejengwa, mashamba yakiwa ya watu binafsi, bila barabara wala mabomba ya kutosha.

Kwa hivyo mpango wa mji ulitufikia ukiwa umechelewa, na hadi leo maofisa wengi wanaitazama mitaa yetu kama mahali ambapo sheria za mipango ni za kubahatisha. Mtu akitaka kufungua gereji Milimani, kuna daktari au wakili wa upande wa pili ambaye anajua namba ya ofisi na jina la mkurugenzi. Akitaka kufungua Manyatta, kuna sisi na simu zetu. Hewa ni ile ile. Mapafu ni yale yale. Tofauti ni nani anajua faili iko wapi.

Kuchelewa kunagharimu

Kama bado unaona naongeza chumvi, twende kidogo Mombasa, kwa sababu huko tayari imeonekana karatasi moja mbovu inavyoweza kumaliza mtaa.

Katika kijiji cha Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kupata madini ya risasi. Kilikuwa ubavuni mwa nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, na mtoto wake akapatikana na risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, na baadaye, 2015, akapata tuzo ya kimataifa ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali, NEMA ikiwemo, zikaambiwa zina lawama. Mahakama ya Rufaa ikabatilisha 2023. Mahakama ya Juu ikarudisha ule uamuzi Desemba 2024.

Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa ndipo haki ikapata neno la mwisho. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati huo sasa ni kijana mkubwa. Risasi ikishaingia mwilini mwa mtoto haitolewi kwa hukumu, hata iwe nzuri vipi. Bilioni 1.3 ni pesa nyingi, lakini sehemu yake inatakiwa kutoka mfuko wa umma ambao wewe na mimi tunaujaza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu ufa ni ile siku ruhusa inapoombwa.

Na sisi je?

Sitaki kumaliza kabla ya kujigusa. Lwang'ni tuliipenda wote. Ngege ya moto, kuon au ugali, upepo wa ziwa, stori ndefu. Vibanda vilipobomolewa 2019 wakati bandari ikifufuliwa, wengi wetu tulilia, na waliopoteza biashara walikuwa na kila sababu ya kulia. Lakini kando ya meza zile, magari yalikuwa yakioshwa na tairi zake ndani ya maji, oili ikielea, na sisi tukila samaki wa ziwa hilo hilo. Hatukuuliza nani aliruhusu.

Hata Auji, ule mto mdogo unaopita mitaani kwetu, haukujazwa nepi na chupa na serikali. Tukidai uwajibikaji kwa ofisi huku usiku tukitupa mfuko wa taka mtoni, karani ana haki ya kucheka. Lakini usikubali pia wakutumie hilo kukunyamazisha. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma, pamoja na mipango ya maendeleo na taka. Mimi kutupa chupa ni kosa langu. Kukosa mahali pa kuitupa ni kosa la mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Tunachodai

Kwa hivyo hili ndilo dai, na ni dogo kuliko unavyofikiri. Kaunti ya Kisumu ibandike kila ombi la ruhusa, kabla halijaamuliwa, mahali patatu: kwenye kiwanja chenyewe, kwenye ukuta wa ofisi ya wadi, na mtandaoni. Liandikwe kwa Kiswahili na Dholuo, si Kiingereza cha mawakili tu. Liseme ni kazi gani, ya nani, mwisho wa pingamizi ni lini, na pingamizi linapelekwa wapi. Na bunge la kaunti litunge kanuni kwamba ruhusa isiyo na picha ya bango lenye tarehe kwenye faili haitasainiwa. Bango la mbao na karatasi ya plastiki haligharimu kitu. Kama tuliweza kupaka mji rangi na kupanda maua kwa ajili ya wageni wa kongamano la Africities Mei 2022, tunaweza kuweka bango kwa ajili ya wenyeji.

Mwulize MCA wako swali hilo moja. Usimwombe jezi. Mwulize bango liko wapi.

Wakati tunangoja, kuna mambo unaweza kufanya wiki hii.

Ukiona mabati mapya, mashine ikishushwa au shimo likichimbwa, piga picha yenye tarehe. Usingoje kujua ni nini. Andika barua ya kuomba habari: nani ameomba, ombi lilipokelewa lini, uamuzi ni upi, na nakala ya leseni. Taja Kifungu cha 35 cha Katiba na ile sheria ya 2016. Sheria hiyo inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili. Huhitaji kueleza sababu. Kuwasilisha ombi ni bure, utalipia tu gharama ya nakala. Na kama bibi yako hajui kuandika, ofisa anatakiwa kumwandikia. Beba nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Muhuri huo una nguvu kuliko laiki elfu kumi.

Katika barua hiyo hiyo, weka sentensi moja ya pingamizi. Sema mapema kwamba unapinga hadi ujulishwe. Kumbuka ile hesabu ya 14 na 21, usikae kungoja jibu.

Wakikunyamazia, nenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Ina ofisi hapa hapa Kisumu. Kero ikiwa ya uchafuzi, andikia Kamati ya Kitaifa ya Malalamishi ya Mazingira. Ikiwa ni leseni ya NEMA, mlango ni lile jopo, na una siku 60. Na usiogope kuambiwa "wewe umeumia wapi?" Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema anayedai haki ya mazingira safi si lazima athibitishe kwamba kuna mtu ameumia au amepata hasara.

Usiseme hayo ni mambo ya wasomi. Mimi sikumaliza chuo. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na aya nne na makosa ya tahajia, na ilipokelewa. Karani alinitazama tofauti kabisa na siku ile ya kwanza, kwa sababu safari hii nilikuwa na namba ya faili. Tuliomba gereji iwekewe chumba cha kupakia rangi na saa za kazi. Bado hatujajibiwa. Siku zinaendelea kuhesabiwa, lakini safari hii tunazihesabu sisi pia.

Mtoto wa jirani yangu bado yuko Seme. Mama yake humpigia simu kila jioni, wakati ule ule kompresa inapowashwa, na lazima atoke hadi barabarani ili wasikizane. Hakuna video niliyowahi kuposti iliyomrudisha nyumbani. Labda karatasi itamrudisha.

Umeona mabati mapya mtaani kwako wiki hii? Anza hapo. Uliza faili namba ngapi, kabla hujaulizwa wewe.